Kilichokuwa Tumboni mwa Karani

Mimi nasema wazi: Daktari Cherotich ni mtu wa kukukasirisha. Unamletea ng'ombe anahema, unataka adungwe sindano sasa hivi, yeye anavua koti polepole, anapiga magoti, anaweka sikio kwa mbavu za mnyama na kunyamaza. Ukimwuliza, "Daktari, ni nini?" anakujibu, "Bado sijaona." Bado hajaona! Mwenye ng'ombe anakaribia kulia, na yeye bado hajaona. Mimi ningekuwa nimeshadunga, nimenawa na kuagiza chai.

Lakini siku hizi mtu akimsema vibaya mbele yangu, tutakosana. Ngoja nikwambie kwa nini.

Jina langu ni Marcella, ila hapa Sosiot watu wananijua kama Mama Ooko. Baba yangu alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi ya kiwanda cha chai, nikazaliwa kwa nyumba za kampuni, nikaolewa huku huku, nikabaki. Nauza kwa agrovet: dawa ya kupe, chumvi ya ng'ombe, mbegu za sukuma. Daktari ana chumba chake nyuma ya duka letu, na akihitaji mikono zaidi ananiita. Nimeshamshikia ndama, nimeshamshikia mbwa aliyetaka kunimaliza. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa hapo, na alama za makucha ninazo.

Cherotich ni msichana wa Sigor, kule Chepalungu. Nikisema msichana anakasirika, ana miaka arobaini na kitu, lakini kwangu ni msichana. Alipokuwa mdogo, ng'ombe wao wa pekee wa maziwa aliugua. Mmoja akasema ni sumu, mwingine akasema ni jicho baya, wa tatu akaleta majani ya kuchemsha. Ng'ombe akafa. Walipompasua wakakuta ndama amekaa vibaya tumboni, kitu ambacho mtu angejua tangu mwanzo kama angeweza kuona ndani. Ananiambia yeye alisimama pale na kikombe chake cha chai ya asubuhi, hakina maziwa, akaapa hatawahi kutibu mnyama kwa kubahatisha. Basi, ndiyo maana ukimwambia "nadhani" anakuangalia kama umetukana.

Akasoma, akawa daktari wa mifugo, akarudi na mashine. Mashine yenyewe ni ndogo, unaweza kuibeba kama redio, na ina skrini. Wakulima wanaiita TV ya ng'ombe. Ng'ombe akipimwa mimba, unaona moyo wa ndama unadunda pale, pu, pu, pu, na wazee wazima wanapiga makofi. Kuna mama mmoja huwa anakuja tu kutazama, hana hata kuku.

Sasa, asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Mzee Johana Chepyegon akaingia dukani na kikapu cha kuchumia chai mgongoni, amekifunika na koti lake mwenyewe, yeye amelowa chepe. Mzee Johana unamjua hata kama humjui: kofia, gamboti safi, chai yake imekatwa ikalingana, ng'ombe wake wanang'aa. Mtu wa maneno machache. Nikajua ameleta jogoo.

"Chamgei, Mzee," nikamsalimia kwa Kikipsigis changu cha dukani.

"Chamgei mising, Mama Ooko. Taktari yuko?"

Akaweka kikapu kwa kaunta, koti likasogea, likatoka sikio. Sikio la paka!

Owiti, kijana wetu wa kupakia magunia, ingawa naye ana watoto watatu, aliangua kicheko mpaka akakaa juu ya gunia. "Mzee! Paka? Paka akiugua si unatafuta mwingine? Mimi nitakuletea watatu kesho, bure, na mama yao."

Mzee akalifunika tena lile sikio. Alisubiri Daktari atoke, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Taktari, usiniulize kwa nini paka. Niangalilie tu."

Lakini Daktari si wa kuacha kuuliza. Akamwingiza ndani, akaniita nimshike paka, na pale ndani mzee akasema yote.

Paka ni wa mke wake, Kogo Jerusa. Kogo ni jina tunalomwita nyanya, na huyo tulimwita hivyo sisi sote. Huyo mama nilimjua vizuri. Kila akipeleka chai kwa kituo cha kununulia, paka anamfuata nyuma na kukaa juu ya mizani mpaka karani amfukuze, ndiyo sababu walimpa paka jina Karani. Na akingoja lori la kiwanda, Kogo alikuwa anafuma vitambaa. Yawa, huyo mama alikuwa anafuma! Nenda nyumba yoyote hapa Belgut, angalia vitambaa vya viti, nusu ni vya Kogo Jerusa. Vyangu ni vya kijani na vyeupe. Mshono wake unalingana mpaka unafikiri ni mashine.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kushoto ukafa, mdomo ukaenda pembeni, akarudi kutoka hospitali hasemi na mtu. Tulienda kumwona na wamama wa kanisa, tukaimba, tukaomba, akageukia ukuta.

"Na mimi pia hasemi na mimi," Mzee akasema. "Lakini na Karani anasema. Nikiwa nje nasikia. Sauti ndogo, maneno yamekunjana, lakini anasema. Nikiingia, ananyamaza." Akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. "Sasa paka anatapika. Anakonda. Akikufa huyu, Taktari, mama hatakuwa na mtu wa kuongea naye. Atanyamaza kabisa. Na mtu akinyamaza kabisa..."

Mimi nikajifanya naangalia makucha ya paka. Hata Owiti, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, aliondoka bila kuaga.

Daktari akaanza kwa mpango wake wa polepole. Akafungua mdomo wa Karani, akainua ulimi kwa kidole.

"Natafuta uzi," akasema. "Paka anapenda kumeza uzi, na mara nyingi unanasa chini ya ulimi. Hapa hakuna. Nyumbani kuna uzi, Mzee? Kamba? Sufu?"

"Hakuna. Kulikuwa na ya mama, ile ya kufuma. Lakini tangu mkono ulikufa, akiiona analia. Nikaifungia yote kwa sanduku, chini ya kitanda."

"Sumu ya panya?"

"Mimi siweki sumu. Karani ndiye sumu ya panya."

Daktari akacheka kidogo. "Sawa. Amekula leo?"

"Hajakula. Tangu jana nilikupigia juu ya mnyama wa kutapika ukasema asikule, hajakula kitu."

Akanyolewa tumbo, na hapo ndipo nilipata alama ya kwanza. Daktari akapaka ile jeli baridi, akachukua kichwa kidogo cha mashine, kile cha mbuzi na mbwa, maana kile cha ng'ombe kingemfunika paka mzima. Akakiweka kwa tumbo. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, wanawake wenye makopo ya maziwa, wanaume waliokuja kununua chumvi wakasahau chumvi.

Tukaangalia skrini. Theluji tupu! Weupe, mawimbi, weupe tena, kama TV imepoteza stesheni.

Daktari akasogeza huku, akasogeza kule, akamgeuza paka ubavu. Uso wake ukaanza kukunjamana. "Hii ni hewa. Tumbo limejaa hewa na kitu kinachoelea. Mzee, una hakika hajakula?"

"Nimesema hajakula."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na kunywa?"

"Ah. Kunywa?" Mzee akashangaa na swali. "Amekunywa maziwa ya kibuyu, mursik. Kabla ya safari."

Daktari akafumba macho. "Mursik."

"Kikombe tu. Taktari, utatoaje mtu nyumbani mwako bila maziwa? Hata adui, unampa maziwa ndiyo aende."

"Mzee, nilisema asile kitu chochote!"

"Na hajakula! Ugali hajakula, nyama hajakula."

Sasa pale mlangoni kukawaka moto. Mama mmoja akasema Mzee ana haki, mursik si chakula, mursik ni mursik. Mwingine akasema yeye alipoenda kupimwa damu hospitali aliambiwa asile, naye akanywa mursik akaenda, na daktari wa watu hakumgombeza. Akaulizwa kama daktari aliambiwa. Akasema hapana, angeambiwa ya nini? Mimi nikawaambia hata kwetu, ukinywa uji tu ukaulizwa umekula, unasema hapana, unangoja ugali. Tukapiga kelele sote pamoja mpaka Karani akanipa alama ya pili.

"Nyamazeni!" Daktari akasema, na si kawaida yake kupaza sauti. "Nisikilizeni. Hii mashine inaona kwa sauti. Inatuma sauti ndani, sauti inagonga kitu na kurudi. Sauti hiyo haipiti kwa hewa. Mursik imechachuka, ina hewa, imejaa kwa tumbo lake. Hata kama kuna jiwe mle ndani, siwezi kuliona."

"Basi mpasue uangalie," mtu mmoja akasema.

"Paka mdogo, dhaifu, tumbo limejaa, nimpe dawa ya usingizi nianze kutafuta kitu nisichojua kama kipo? Sipasui mnyama kwa nadhani."

Akampiga Karani maji ya dripu chini ya ngozi apate nguvu, akasema atalala hapa kwetu mpaka kesho asubuhi. Mzee akakataa. Akasema mama akiamka asimwone Karani atafikiri amekufa. Daktari akamshika mkono, mwanamke wa Kipsigis na mzee wa rika la baba yake, jambo ambalo halifanyiki hivi hivi, akamwambia, "Baba, mwambie mama yuko kwangu. Mwambie namwangalia mimi mwenyewe."

Mzee akaenda na kikapu kitupu mgongoni. Nikamwangalia akipanda ule mlima wa kwenda kwake, nikajisikia vibaya mpaka nikamgombeza mteja ambaye hakuwa na kosa.

Kazi ya kumlinda paka nikapewa mimi, na kazi hiyo sikutakii. Huyo paka analia! Kila anayeingia dukani anasikia, anasema "wei, maskini," na mkono unaenda mfukoni. Mama wa makopo akataka kumwagia tone, "tone moja tu, Mama Ooko." Nikamwonyesha mlango. Mchungaji, mtu wa Mungu, nilimkuta ameinama mbele ya kizimba na kipande cha mkate. Kisha nikaenda kuchukua chenji kwa jirani, kurudi, nani amechutama pale? Owiti! Owiti huyu huyu wa "tafuta mwingine," mkononi ana samaki wadogo, omena, anasema kwa sauti nyororo, "kula, jaduong', kula mkubwa wangu."

Nikamfukuza na ufagio mpaka barabarani. Watu wakashangilia. Kisha nikakibeba kizimba, nikaenda nacho kwangu, nikafunga mlango, na nyumba yangu yote ikala mahindi ya kuchoma nje ili Karani asisikie harufu ya chakula. Msinicheke. Mngekuwa mimi mngefanya hivyo.

Asubuhi jua lilitoka likaangaza chai mpaka macho yanauma. Mzee alikuwa tayari mlangoni kabla sijafungua duka.

"Mama alisema nini?" nikamwuliza.

"Hakusema. Alishika shuka tu, akaangalia dirisha."

Tukaingia. Na watu? Usiulize watu. Chumba kilijaa, mlango ukajaa, dirisha likajaa. Mama asiye na kuku alikuwa amekaa mbele kabisa na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani.

Daktari akafanya kitu ambacho sikutegemea. Baada ya kumnyima Karani kila kitu, sasa akachukua maji safi kwa bomba la sindano, akamtilia mdomoni taratibu, kidogo kidogo.

"Daktari!" nikamaka. "Mimi nimefukuza mchungaji na wewe unampa maji?"

"Maji hayana hewa, Mama Ooko. Sauti inapita kwa maji vizuri kuliko kitu kingine. Tumbo likiwa tupu linakunjana. Likiwa na maji kidogo, linafunguka, naona mpaka ukuta."

Akapaka jeli. Akamweka Karani kwa ubavu wa kulia ili maji yaende upande anaoutaka. Akaweka kichwa cha mashine.

Jamani!

Pale palipokuwa na theluji jana, leo kulikuwa na picha. Kulikuwa na duara jeusi, safi, hayo ndiyo maji. Kando yake, ukuta wa tumbo, mstari mweupe, mweusi, mweupe, tabaka kwa tabaka, na makunjo yanayoingia ndani. Na ukuta ulikuwa unatembea! Tumbo la paka linajikaza na kulegea mbele ya macho yetu, polepole, na watu wote mlangoni wakawa wanavuta pumzi nalo.

"Ukuta ni mwembamba, tabaka zote zinaonekana," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa inakimbia. "Hakuna uvimbe. Mzee, hakuna uvimbe! Hii haionekani kama saratani. Sasa ngoja... ngoja..."

Akasogeza mkono kidogo sana.

"Haya. Mnaona?"

Tuliona. Katikati ya maji meusi kulikuwa na kitu. Juu yake kilikuwa na mstari uliong'aa, umepindapinda, na chini yake kulikuwa giza tupu, kama kivuli cha mtu aliyesimama mbele ya taa. Maji yakatikisika, kitu kikatikisika nayo.

"Ni nini hiyo?" Mzee akanong'ona.

"Si chakula. Chakula hakitupi kivuli kama hiki. Ni kitu amemeza." Daktari alikuwa anatabasamu na jasho linamtoka. Sijawahi kumwona hivyo. Akafuata kile kitu mpaka upande wa kulia, mahali tumbo linamwaga chakula kwenda kwa utumbo. Tabasamu likaisha. "Kina mkia. Mkia umefika mlangoni, unataka kutoka. Ukiingia kwa utumbo na kichwa kimebaki huku, utumbo utajikunja wote kama pazia kwa waya. Unakatika." Akapitisha mashine kwa utumbo mzima, kipande kwa kipande, na hakuna mtu aliyekohoa. "Utumbo umenyooka. Bado haujaingia. Mzee, nataka kumpasua sasa hivi."

Mzee Johana akamwangalia paka, akamwangalia Daktari. "Jana ulisema hupasui."

"Jana sikuwa nimeona," Cherotich akasema. "Leo nimeona."

Mimi nilipiga vigelegele. Sikujizuia. Nimengoja miaka kumsikia huyo mwanamke akisema neno hilo!

"Basi pasua," Mzee akasema, akatoka nje haraka akasimama na uso kwa ukuta wa duka. Owiti akaenda akasimama karibu naye.

Ya upasuaji sitasema mengi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kifua cha Karani kinapanda na kushuka na kusema kwa sauti, "anapumua, anapumua," mpaka Daktari akaniambia naweza kusema hivyo moyoni. Aliingia moja kwa moja mahali alipopaona, hakutafuta, hakupekua. Koleo likaingia, likavuta, na kikaanza kutoka kitu cha kijani. Kikatoka, kikazidi kutoka. Mkia ukateleza kutoka ule mlango wa utumbo, wote, mzima. Daktari akakiweka kwa beseni, akashona, tabaka kwa tabaka, na nilipoinua macho Karani alikuwa anapumua, na sikio lake lilikuwa limeanza kucheza.

"Mama Ooko," Daktari akasema, "sasa sema kwa sauti."

"Anapumua!" nikapiga kelele, na nje watu wakalipuka.

Nikakiosha kile kitu cha beseni ili Mzee aone. Ulikuwa uzi, uzi wa kufuma, wa kijani na mweupe, umevurugika. Nikampelekea nje. Akaushika, akacheka, machozi yanatiririka, akasema, "Mwizi huyu. Hii ni ya Jerusa. Lakini nilifunga sanduku."

"Labda uliacha nje," Owiti akasema.

"Sijaacha."

Mimi nilikuwa naangalia uzi mikononi mwake, na kuna kitu hakikunikaa vizuri. Nikauchukua, nikaunyoosha juu ya kaunta. Sehemu moja ilikuwa imevurugika na meno ya paka, hiyo ni kweli. Lakini sehemu nyingine haikuwa imevurugika. Ilikuwa na vitanzi. Kitanzi, kitanzi, kitanzi, vimeshikana. Kimoja kimekazwa sana, kinachofuata kimelegea, cha tatu kimeachwa kikarudiwa. Ovyo kabisa, kama wa mtoto anayejifunza.

"Mzee," nikasema. "Huu umefumwa."

"Ni ya zamani."

"Ya zamani gani? Mimi nina vitambaa vyake kwa viti vyangu. Kogo hajawahi kufuma hivi maishani mwake. Hii ni ya mtu ambaye mkono wake..." Nikainua mikono yangu yote miwili nikamwonyesha: mmoja unashika sindano, mwingine unashika uzi. Kufuma kunataka mikono miwili. Ukiwa na mmoja hutoi hata kitanzi.

Mzee Johana akaangalia mikono yangu. Akaangalia uzi. Nikaona inamfikia. Akakaa chini, pale pale kwa ngazi ya duka, mzee mzima na gamboti zake safi, akasema, "Mkono wake. Mkono wake unafanya kazi. Anafanya mimi nikiwa kwa chai." Akarudia mara nyingi, "Nikiwa kwa chai."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na glavu zake bado mkononi. Hakusema "bado sijaona." Alisema, "Twendeni."

Karani alipoamka vizuri tukapanda mlima, Mzee mbele, Daktari na kizimba, mimi na uzi ndani ya mfuko wa chumvi. Duka nilimwachia Owiti, na sikujali.

Kogo Jerusa alikuwa ameegemea mito, amegeukia ukuta. Daktari akaweka kizimba kitandani, akafungua. Karani akatoa kichwa, amelewa dawa, tumbo limenyolewa, sura mbaya kuliko zote. Akalia kidogo.

Kogo akageuka.

Mkono wa kulia ukamshika paka. Kisha nikatoa ule uzi, nikauweka juu ya blanketi. Kogo akauangalia. Akatuangalia mmoja mmoja, akaona tumejua. Na kutoka chini ya blanketi ukatoka ule mkono mwingine, wa kushoto, polepole, unatetemeka, vidole vimejikunja. Ukafika kwa uzi. Ukaushika.

"Nilitaka... nimalize kwanza," akasema. Maneno yalikuwa mazito, lakini tuliyasikia wote. "Ndiyo nionyeshe."

Mimi nilikuwa nalia bila aibu. Daktari naye analia, na amejigeuza eti anaangalia mshono wa paka.

Mzee Johana alikuwa bado amesimama pale mlangoni na kofia mikononi. Haogopi fahali, huyo mzee, lakini aliogopa kuingia chumba chake mwenyewe. Kwa miezi yote hiyo, akiingia, mama ananyamaza. Sasa Kogo akamwangalia yeye. Akavuta pumzi, mdomo ukahangaika, ukatafuta.

"Johana," akasema. "Huyu ana njaa. Maziwa yake... iko wapi?"

"Mursik hapana!" Daktari akaruka. "Mama, bado! Mpaka niseme!"

Kogo akacheka. Mdomo ulienda upande mmoja tu, lakini alicheka.

Mzee hakuwasikia. Alikuwa amesikia neno la kwanza tu. Akavuka chumba, akapiga magoti kando ya kitanda, akauchukua ule mkono wa kushoto pamoja na uzi wake.

"Niko hapa," akasema. "Niite tena."